Tulivyomkalia Matanga Kikongwe wa Daftarini

Songea,
Tarehe 16 Juni 1912

Mpendwa mwanangu Halima,

Natangaza mbele ya mbingu, nchi na kuku wangu watatu: mimi mama yako mdogo Eufrasia, mwenye magoti mabovu na jicho moja la kubahatisha, nimesoma hadithi nzima. Kurasa arobaini! Itangaze habari hii huko Lindi kabla watu hawajaisikia kwa wengine.

Baada ya hayo, hujambo? Mume wako Swalehe hajambo? Kile kifua kilichokusumbua masika kimepoa? Shikamoo yako niliiitikia peke yangu jikoni: marahaba, mwanangu. Sisi wazima, mahindi tumevuna. Barua yako, kwamba unakuja kuzuru kaburi la mama yako, nimeipata. Nimeisoma mara nyingi kuliko hadithi.

Hadithi yenyewe ameitunga Lidwina, binti wa jirani anayefundisha wasichana kusoma, na ndiye aliyenifundisha hata mimi mzee. Ameiandika daftarini kwa mkono wake. Mwanzoni niliidharau. Mwanamke wa humo ana mume anayemuuliza, "Wewe waonaje?" kisha anakaa kimya kungoja jibu! Nikamwambia Lidwina, "Mwanangu, hapa umedanganya mno." Akacheka mpaka akashika mbavu.

Basi nikawa nawasomea wenzangu tukipukuchua mahindi, kidole kwenye mstari, nikikwama kama ng'ombe topeni. Tukafika mwaka wa njaa, vita vimekwisha, askari wa Wadachi wameshachoma maghala. Mwanamke yule anamwacha mama mkwe wake kando ya mto, anamwambia anakwenda kutafuta chakula. Harudi. Daftari linaishia hapo: kikongwe ameketi, anatazama njia.

Hakuna aliyepukuchua tena siku ile.

Kesho yake asubuhi wenzangu wakaja nyumbani kwa Lidwina na unga, kuni na mikeka. Wamekuja kukaa matanga! Lidwina akahangaika mlangoni: "Mama zangu, huyo bibi nimembuni tu. Hajapata kuwepo!"

"Hajapata kuwepo," akasema Chiku, mke wa mhunzi, "nami nimeshamlilia? Sogea, mtoto, tutandike."

Mwaka ule wa njaa tulizika bila kulia, na wengine hawakuzikwa kabisa. Kwa hiyo kila mmoja akaanza kutaja wake. Chiku akataja watoto wawili. Zamu ikazunguka mkekani mpaka ikanifikia. Walijua nitamtaja mama yako. Kaburi lake wanaliona nyuma ya nyumba yangu kila wapitapo.

Mdomo ukakataa. Halima, tangu siku ile nikifungua daftari, kikongwe ananitazama kwa macho ya dada yangu. Nimelifunga, nimelirudisha kwa mwenyewe, na bado ananitazama.

Jana niliwaambia wao. Sasa nakuambia wewe, kabla hujafunga safari.

Nilikutumia habari kwamba mama yako alifia mikononi mwangu. Sivyo. Tulikuwa tunakimbilia bondeni, mimi nimembeba mwanangu Asumpta mgongoni, mama yako miguu imevimba. Akasema hawezi tena. Nikamketisha kwenye jiwe kando ya mto, nikaenda kuchimba mizizi. Niliipata, Halima. Ingetutosha watatu angalau kuonja. Nikampa mtoto, nikala, nikala tena, mpaka ikaisha. Sikuwa mbali, nilimsikia akiniita kwa jina langu la utotoni, mara tatu. Sikuitika, kwa sababu mikono yangu ilikuwa mitupu. Nilirudi kesho yake. Jiwe lilikuwepo. Yeye hakuwepo, na nyasi zilikuwa zimelala kuelekea majini.

Lile tuta nyuma ya nyumba nililirundika mwenyewe. Chini yake hamna mtu.

Njoo. Nitakupeleka mtoni, kama utakubali kutembea nami. Chiku anakusalimu sana, nawe msalimie Swalehe. Asumpta alinisikia nikisema. Tangu jana hali chakula nikimtazama. Nawe kama hutaki kulala kwangu, nimeshamwomba Lidwina akutandikie kwake.

Mungu akutangulie njiani, akufikishe salama.

Mimi mama yako mdogo, nikupendaye hata ukinikataa,
Eufrasia