Sikupanda Juu ya Magunia

Mjukuu wangu Zaituni,

Salamu kutoka Nsambya. Sisi wazima. Mjomba wako ameipaka nyumba rangi ya kijani, na bado sijamsamehe.

Barua yako imeniwasha. Yaani wewe, rubani mzima, unasafiri kuja kwetu kwa Idi, ndege imejaa, unaomba kile kiti kidogo cha kukunja nyuma ya marubani, kama mnavyosaidiana siku zote, na kapteni anakuuliza wewe ni mke wa nani? Sasa unaniuliza kama uache kuomba.

Nilipokuwa naendesha lori, siku moja liliniharibikia karibu na Tororo. Kwetu madereva, mwenzako akikwama unampandisha mbele, kando yako. Nikasimamisha lori la kwanza. Dereva akanitazama, akasema, "Nyabo, mama, mume wako yuko wapi? Panda nyuma, kaa juu ya magunia."

"Dereva ni mimi," nikamwambia. "Nyuma sipandi."

Akaondoka. Watu wa kando ya barabara wakanicheka. Nikabaki nimesimama juani, na sikujuta hata kidogo.

Lori la pili likasimama. Dereva, mzee wa Kinubi, akaitazama mikono yangu yenye grisi, akasogeza chakula chake, akafungua mlango wa mbele. Hakuniuliza habari za mume. Aliuliza, "Klachi au gia?"

Rudi kwenye mlango wa marubani, Zaituni, ukaombe tena. Wakikukatalia, ngoja ndege nyingine, na kofia yako ya urubani usiivue. Idi ikipita hujafika, tutapika upya.

Jaja yako,
Hadija