Magunia Yaliyoshonwa

Milanzi, Sumbawanga
20 Julai 2025

Mpendwa mdogo wangu Coleta,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi yetu ya Julai. Hujambo huko Japani? Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuwainua wazee umepoa? Sisi ni wazima kiasi. Felisian mume wangu ana mafua, na kwa anavyolalamika ungedhani ndiye aliyewazaa watoto wetu wote.

Nimeandika kwa mkono, nitakupigia picha nikutumie. Kwenye simu ningelia tu usisikie neno.

Ule ujumbe wako wa sauti kuhusu Bibi Fumi haunitoki. Ulisema duka la mwisho la kijijini kwao limefungwa, vijana wameondoka, na nyinyi mnawapelekea wazee chakula kwa gari kila wiki. Bibi anachagua samaki, mayai na mboga, anashukuru mpaka anainama. Siku ulipofungua friji yake ukakuta vyote vimejaa, havijaguswa, naye anaishi kwa wali mkavu na chai. Nilimwonea huruma, nikamwambia Felisian kwamba afadhali sisi wa Rukwa, wazee wetu wanalala juu ya mahindi. Mdomo huu!

Jumamosi iliyofuata tulipanda kijijini kumpelekea Mama mavuno mapya. Nikafungua stoo, hapakuwa na pa kuyaweka. Magunia ya mwaka jana yamesimama palepale nilipoyaacha, na uzi wa bluu nilioshonea kwa mkono wangu haujakatwa. Chini palikuwa na unga. Nikafurahi, nikadhani amesaga. Kumbe ni vumbi la dumuzi, wale wadudu watoboao mahindi. Nilitulia nikawasikia, Coleta. Walikuwa wanakula. Mlio mdogo, kama manyunyu kwenye majani makavu.

Jikoni mafiga yamefungwa na utando wa buibui. Mama nilipomkumbatia nilishika kanga zaidi ya mwili.

Adolfu alihamishia mashine yake ya kusaga kwenye barabara ya lami tangu mwaka jana, na njia ile Mama haiwezi tena na debe kichwani. Hakutuambia. Kila tukipiga simu alisema ameshiba, nasi tukashona magunia na kujisifu kanisani kwamba mzee wetu hana shida. Nilimuuliza kwa nini hakumwomba mtu ampelekee.

"Ningesaga, halafu?" akanijibu. "Ugali wa mtu mmoja unasongwaje? Sijawahi kula peke yangu mimi, siyo mchawi."

Basi alikuwa anakunywa chai, na viazi siku akivipata.

Nilimsihi tushuke naye mjini. Hataki kumwacha Baba peke yake kaburini. Tulibishana mpaka sauti zikavuka ua, ndipo akaja Rahel, mke wa jirani yake Masunga, wale Wasukuma wafugaji. Hakumwambia Mama njoo nikulishe. Alipiga goti akasema, "Shikamoo mama. Wanangu hawana bibi huku, wanakula kama ndama. Njoo ukae nao uwafundishe adabu." Mama akaitikia marahaba, akatafuta viatu. Nilitoka nje nikalia.

Sasa Masunga anapeleka mahindi mashineni kwa mkokoteni wa ng'ombe, na Mama anakula kwao. Siyo kila siku. Jana amekula vizuri, na maziwa akanywa. Juzi hakwenda, alimwambia Rahel ameshiba. Neno hilo linanitisha kuliko homa. Hata hapa kwangu, watoto wakitafuna mezani, nausikia ule mlio wa stoo na chakula hakishuki.

Kabla hatujaondoka nilimsimulia Mama habari za Bibi Fumi. Akauliza, "Coleta akishampa hicho chakula, anakaa naye?" Nikamwambia gari haliwezi kusubiri. Kisha akasema, "Na Coleta mwenyewe, akirudi kwake, anakula na nani?"

Nimeusikiliza ujumbe wako upya mpaka mwisho. Umeeleza wanavyokula wazee wote wa kijiji kile. Wewe hukujitaja. Na nimekumbuka kwamba kila nikikuuliza, mwaka wa pili huu, unaniambia umeshiba.

Baba mdogo Marselino anakusalimu, na shangazi Bertila anasema ukija umletee mwavuli imara. Mama amesema hana salamu, anangoja jibu la swali lake. Usimjibu kwamba umeshiba.

Mungu akukalishe penye sahani moja yenye mikono mingi, na kama hakuna mwingine, uwe mkono wa pili kwenye sahani ya Bibi Fumi.

Wako akupendaye na asiyelala vizuri,
Dada yako, Rosina