Picha ya Kichwa Kizima

Mbooni, Jumatano, Julai 1993

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Uji alioniletea binti yangu umepoa.

Juzi huko Nairobi walinilaza kwenye skana. Meza iliteleza hadi kichwa changu kikaingia ndani ya duara, mashine ikaanza kunguruma. Nilipiga picha za eksirei miaka ishirini na minane, lakini sikuwahi kuona kichwa cha mtu aliye hai kimekatwa vipande vipande pichani, kama mkate. Kijana wa mashine alinionyesha pichani kwa kidole: "Mzee, mfupa wako ni mzima kabisa. Shida ni hii ya ndani." Uvimbe, kama yai la kuku.

Mfupa ni mzima. Maneno hayo yalikuwa yangu.

Mwaka wa sitini na nane Muli alianguka kutoka juu ya lori pale Malili. Walimleta hospitalini kwetu; daktari hakuwepo. Nilimpiga picha, nikaiangalia dirishani, nikamwambia mkewe, Kalekye, kwamba kichwa ni kizima, ampeleke nyumbani. Siku ya tatu Muli akafa.

Chuoni nilifundishwa kwamba picha ile huonyesha mfupa. Damu ikivuja ndani, haionekani.

Nilijua.

Lakini watu walikuwa wakiniita daktari, nami nilipenda kuitwa hivyo.

Ndugu za Muli waliibeba picha niliyompiga katika bahasha yake ya kaki hadi kwenye kikao cha ukoo, wakaiinua juani kila mtu aone. Kichwa ni kizima, basi mke amemroga.

Kalekye alinijia hospitalini, akasimama nje ya dirisha. "Daktari, wewe umesoma. Njoo uwaambie, kichwa kizima kinauaje?"

"Mama, picha ni safi." Nikafunga dirisha, naye akabaki akigonga kioo.

Walimfukuza kabla hajavuna mahindi yake. Nasikia yuko Kambu, anauza ndizi kando ya barabara kuu. Mle ndani ya duara waliniambia nisitikisike, nami nikalala nikimsikia akigonga kioo.

Binti yangu anasema safari itanimaliza. Labda. Nimemwambia kesho tunateremka Kambu, na bahasha ya picha za kichwa changu nitaibeba mwenyewe. Nikibaki na nguvu, tutafika pia kwa ndugu za Muli, niwaonyeshe.

Leo asubuhi jina la mama huyo lilinipotea hadi saa nne. Kwa hiyo naliandika hapa, lisije likapotea tena kabla hatujafika.

Kalekye. Hakumroga mtu.