Kijiwe Unyayoni mwa Pipi

Hagsätra, Jumamosi, Machi 2009

Anakimbia! Jana mbwa wetu Pipi alichechemea kutwa, nikaogopa kwamba mguu umevunjika.

Leo nimemwogesha bafuni, kisha nikaanza kumpunguza manyoya ya miguu. Binti yangu Neema alimshika huku akilia. "Mama, utamkata!"

"Mshike tu, mwanangu." Nami nikaendelea kukata polepole.

Katikati ya vidole mkasi uligonga kitu kigumu. Kijiwe! Kokoto moja ya zile zinazomwagwa njiani watu wasiteleze kwenye barafu, imenasa ndani ya manyoya.

Nilipoitoa tu, Pipi alitimua mbio hadi sebuleni, akarukia kochi. "Titta, mamma!" Neema akapiga kelele kwa Kiswidi, yaani tazama, mama!

Mimi, ambaye zamani nikimwona mbwa navuka barabara kumkwepa, nimemkumbatia hivyohivyo na maji yake.