Mkanda wa Uskoti na Hitma ya Babu

Baba, fundi wangu,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, lakini mdomo umezoea na sitaki kuukataza. Nakuandikia hapa barazani kwako Gongoni, vidole bado vina harufu ya mkanda. Ungekuwepo ungenicheka: "Mama, fundi hunawa kwanza." Haya, leo sikunawa. Nimewasha mashine yako, nimeuzungusha ule mkanda wa sinema wa Uskoti, na aliyekaa mbele ya shuka akitazama ni dada yako.

Ndiyo, Shangazi Mwanaidi. Tulia kwanza, nitakueleza yote.

Shule zikifungwa ulikuwa unanipakia kwenye gari la sinema la serikali, tunakwenda Ipole, tunakwenda Ziba, mpaka vijiji ambavyo njia zake ni za ng'ombe tu. Jua likizama unafunga shuka kwenye nguzo, jenereta inakohoa, watu wanakaa chini. Unaanza na filamu ya kilimo cha tumbaku, kisha ya kunawa mikono, watu wanapiga miayo. Halafu ndiyo ile waliyoifuata: manowari za kijivu zimejipanga bandarini Uskoti wakati wa vita, mizinga imefunikwa maturubai, na mfalme anakuja kuwakagua mabaharia wake. Wanaume waliovaa sketi wanapuliza zumari za mifuko. Pale Ziba akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mayu! Hawa wamevaa nguo za wake zao?"

Wewe hukucheka. Ulikuwa unaisubiri safu ya mabaharia. Akitokea yule mtu mweusi mmoja, mrefu, kifua mbele, unashika kipaza sauti: "Huyu ni baba yangu. Mtu wa Kwihara." Watu wanapiga makofi, na mimi hapo pembeni najiona mjukuu wa mfalme mwenyewe.

Ulimpenda mtu usiyewahi kumwona. Babu aliondoka na wanajeshi wewe ukiwa tumboni. Habari ya mwisho kufika Kwihara ni kwamba kapanda meli pwani, kazi yake kuchochea makaa, na meli imekwenda Ulaya. Baada ya hapo kimya. Bibi akakataa matanga, akakataa eda, akakataa kuolewa tena. "Siletewi habari, nitamliaje mtu?" Akafa anasema hivyo hivyo.

Ukaja wewe na mkanda wako, ukataka Babu asomewe hitma. Shangazi, mkubwa wako, na mtu pekee aliyekuwa amebaki mwenye kuijua sura ya Babu, akagoma.

"Nimsomee baba yangu hitma kwa habari ya sinema?"

"Basi njoo umtazame, dada!"

"Siji."

Ulimwita tena, ukamwita tena, jibu ni lile lile, siji. Ukamwita jeuri mbele za watu. Mkaishi mji mmoja, mnapeana mikono misibani tu, na mwaka jana tukakuzika bila nyinyi wawili kupatana. Nilimchukia kwa hilo, Baba, sikufichi.

Mwezi uliopita akaniita. Pumzi inamsumbua siku hizi, na jicho linaloona ni moja, lile alilofanyiwa upasuaji. Akanishika mkono. "Niletee huyo mtu wa baba yako nimwone. Sitaki kufa nimemwacha baba bila dua."

Nikamjibu kwa ukali, ungenisikia ungenigombeza. "Shangazi, muda wote huo alikuwa anakubembeleza. Kwa nini hukuja?"

"Kwa sababu sura ninaijua mimi, yeye haijui. Ningetazama nikaona siye, ningemwambia nini? Ana baba wa kwenye shuka, nimnyang'anye hata huyo?"

 Nikatazama chini kama mtoto aliyekaripiwa.

Nikaja nyumbani nikafungua debe la mkanda. Harufu ya siki, ile ya mkanda unaooza, ikanipiga usoni. Mkanda umejikunja, mkavu, ukiugusa unalia. Hamisi, mtoto wa Shangazi, aliponusa tu akaja juu. "Usithubutu! Upeleke Dar kwa wataalamu." Nikampigia simu mtaalamu, akasema niulete, ila ni kazi ya miezi, na nisijaribu kuupitisha kwenye mashine, utakatika. Nikamweleza Shangazi. Akaniuliza taratibu, "Hiyo miezi ninayo?"

Hamisi alinifuata mpaka nje. "Mkanda ukikatika, na mama akaona siye, tutabaki na nini? Hitma hatafanya, na picha hatuna." Alikuwa na haki, na ndiyo maana nilimfokea.

Leo baada ya adhuhuri tukaziba madirisha ya chumba cha Shangazi kwa mablanketi. Nikatundika shuka jeupe ukutani. Nilikuwa nimeshaunga mipasuko yote niliyoiona, kwa ncha za vidole kama ulivyonifundisha. Hamisi akasimama mlangoni amekunja mikono, hataki hata kuniangalia. Nikasema bismillahi, nikawasha.

Manowari zikaja. Kiungo cha kwanza kikapita kwa mlio. Cha pili nacho kikapita. Shangazi ametulia tuli, jicho lake moja limekodoka. Mashine inanguruma, harufu ya siki inazidi kwa joto la taa, na mimi nahesabu picha moyoni kuelekea kwenye ile safu. Sasa unakumbuka, kabla ya safu kuna kipande cha watumishi wakitayarisha gati. Wewe ulikuwa unakiharakisha kwa maneno: "Hawa ni wabebaji tu, vuteni subira, mfalme yuaja." Hata leo nilikuwa nayasema maneno hayo kimoyomoyo.

Mtu mmoja akapita, katupa mgongo. Amebeba zulia la mfalme lililoviringishwa, begani kushoto. Begani kulia amelaza mpini wa fagio, ncha yake ameipitisha nyuma ya shingo mpaka chini ya zulia, anaunyanyua mzigo nao. Katikati ya gati akainamisha shingo, zulia likavuka kwenda bega la kulia, mpini ukavuka kwenda la kushoto, na miguu haikusimama hata kidogo.

"Baba!"

Shangazi alikuwa amesimama, Baba. Yeye anayeinuliwa kitandani na watu. "Baba! Msimamishe! Msimamishe asiende!"

"Simamisha!" Hamisi akapiga kelele. "Husikii?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Unajua mwenyewe taa inavyofanya mkanda ukisimama, na huu ulivyokauka ungeungua palepale, mgongo wa Babu ungetoboka mbele ya macho ya binti yake. Sikusimamisha. Nilisikia Shangazi akinililia, na nikamwacha Babu atembee na zulia lake mpaka akatoka kwenye shuka. Hakugeuka.

Yule mrefu wako akaja, kifua mbele. "Huyo simjui," Shangazi akasema, hata hakumtazama mara mbili. Mfalme alikuwa anakaribia kumfikia mkanda ulipokatika, ta! Shuka likabaki jeupe.

Nikapiga magoti mbele yake. "Shangazi, una hakika? Uso hukuuona."

"Uso niuone wa nini? Utoto wangu nimekua nikiufuata mgongo ule, Kwihara mpaka sokoni Tabora, yeye na mzigo mbele, mimi nyuma. Baba yake alikuwa pagazi wa misafara, ndiye aliyemfundisha kubeba hivyo na kuhamisha mzigo bila kusimama. Huko Uskoti nani mwingine alijua hivyo?"

Hamisi akakaa chini kwenye sakafu, akalia. Mimi nikalia zaidi. Tukakubaliana hapo hapo, hitma ni Ijumaa, nyumbani kwa Shangazi.

Nina hasira na wewe, Baba, na nina huruma na wewe, na sijui nianze na ipi. Hukumkosea mtu. Ulitaka baba anayesimama mbele ya mfalme, na nani angekulaumu? Lakini nafikiria vijiji vyote vile, wewe na kipaza sauti chako ukimharakisha apite, naumia.

Nilipokuwa naviringisha nyaya, Shangazi akaniita karibu. Sauti ilikuwa imemwisha.

"Mdogo wangu alimwona?"

Nikamwangalia. Nikaona sina haja ya kudanganya.

"Alimwona, Shangazi. Kila kijiji tulichokwenda, alimwona."

Akafumba jicho lake, akasema alhamdulillahi, akalala usingizi.

Allah awaweke pema, wewe na Babu.

Binti yako, yule uliyemwita Mama