Salamu za Tonton Désiré

Jumanne, 4 Machi
Nimerudi shule, nimeosha sahani, nimeweka maharage motoni. Mama bado yuko sokoni Gatumba anauza vikwembe, vitenge vya kujifunga. Tonton Désiré alikuwa ameshafika. Mwezi wa sita anamuoa Mama, ndiyo maana tunamuita tonton, yaani anko. Alikuwa chumbani anamfundisha hesabu Kelia, mdogo wangu. Kelia ana miaka minane. Mlango umefungwa. Hesabu gani ya kufungia mlango?

Ijumaa, 7 Machi
Mama anasema tumepata bahati, mwanaume anayependa watoto wasio wake. Mi namchunguza. Hana rafiki wa rika lake hata mmoja. Mezani alisema watu wazima wanamchosha, watoto ndio wanamuelewa. Mama akacheka. Kazi ya Mama haiulizii kamwe. Ya Kelia anajua yote, mpaka ndoto zake.
Labda ni wivu. Mimi hajawahi kuniletea hata bomboni, pipi moja tu. Inaniuma, basi naandika.

Jumapili, 9 Machi
Kelia alikataa kumsalimia. Kwetu mtoto anamkumbatia mgeni, hakuna mjadala. Mama akamsukuma. "Musalimie tonton vizuri. Usinipatishe haya."
Akaenda. Mikono yake inaning'inia tu. Tonton akamshika muda mrefu.

Jumatano, 12 Machi
Asubuhi nimekuta makaratasi ya bomboni chini ya godoro la Kelia. Anasema ni za Tonton, ni siri, Mama asijue. Kwanza bomboni. Kisha kuchezea simu yake. Kisha mlango. Huyu mtu anampima kama anaweza kunyamaza. Darasani sikuandika hata neno moja. Madame, mwalimu wetu, akaniuliza nina nini. Nikasema malaria.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia Mama. Nusu Kiswahili, nusu Kifaransa, nikitazama sakafu. Akasema Désiré alishamuonya kwamba nina wivu, kwamba siku moja nitamzushia. Alinitangulia. Nikaomba kitu kimoja tu: akija, usimlazimishe Kelia kusalimia. Angalia tu. Akarudi kukunja vikwembe vyake.

Jumapili, 16 Machi
Alikuja na soda. Mama hakumsukuma Kelia. Kelia akajificha nyuma ya kikwembe cha Mama. Désiré hakuuliza mtoto ana nini. Alinigeukia mimi, macho makali, kama anayeuliza nimesema nini. Mama akaona.
Akamwambia arudi kwake na soda zake. Kisha akakaa chini na Kelia. "Mi sikukasirikii. Niambie." Kelia akasema Tonton alimuonya: akifungua mdomo, ndoa ya Mama itakufa na kosa litakuwa lake. Kisha akasema mengine. Hayo siandiki.

Jumatatu, 17 Machi
Sikwenda shule. Hospitali, kisha polisi. Mama hakulia. Njiani alisema mara moja tu: "Hakuwa ananitaka mimi."
Nilimshika mkono.

Jumamosi, 29 Machi
Mjomba amekuja kutoka Musaga. Akafungua mikono. Kelia akabaki mlangoni. Nikamtazama Mama, naye akamwambia Mjomba:
"Mwache. Atasalimia akitaka."
Mjomba akashusha mikono, akakaa, akaomba maji. Tukaongea habari za mvua. Baadaye kidogo Kelia akamletea kikombe, akakiweka mezani, akarudi mlangoni.