Bidoni Nne za Mulamu Georgine

Kazi moja, yaani Jumatatu, 18 Novemba
Ijulikane na wote, yaani mimi na paka: leo saa mbili asubuhi, bidoni ya kwanza ya pombe yangu, sidre ya masuku, imejamba. Hewa imepita kwenye kampira ka serumu ka hospitali, imetokea ndani ya chupa ya maji, bulu bulu. Nimesimama wima kama wanapandisha bendera.

Matunda ya masuku, mabeseni matatu. Kuponda, kuchuja, sukari, levire ya kuchachusha kijiko kimoja, kufunga dumu kabisa. Hewa ya nje isiingie. Ya ndani itoke kwa kampira. Hakuna aliyenifundisha. Mwaka juzi bidoni moja ilipasuka ikatoboa dari. Ndiyo shule yangu.

Georgine, mulamu wangu, dada wa marehemu mume wangu, tunakaa naye parseli moja, ua mmoja, huku mtaa wa Annexe. Leo amesimama mbele ya dirisha langu muda mrefu, anajifanya kuanika soksi. Soksi moja.

Kazi tatu, 20 Novemba
Amenunua masuku. Na bidoni nne, kwa sababu mimi ninazo tatu.

Dote ya Nadège, binti yangu, yaani mahari yake, ni siku ya mposho, Jumamosi ya wiki ijayo. Georgine ametangaza mbele ya majirani kwamba kinywaji atatoa yeye, maana yeye ndiye shangazi. "Weye, Mama Nadège, utabakia ku jiko na bukari yako." Kwetu anayemimina kikombe cha kwanza ndiye anayemsemea binti mbele ya wakwe. Nilimzaa Nadège kwa uchungu wa siku nzima na usiku wake. Georgine alifika siku ya tatu, akala kuku.

Baadaye amekuja kwangu polepole. "Na kale kampira, mulamu, kako ka nini?"
"Ka kuonjea. Miye niko mulafi."
Amecheka sana. Yeye si mlafi, hahitaji.
Mchana nimekula vizuri.

Kazi tano, 22 Novemba
Amefunga. Vifuniko, juu yake nta ya mishumaa, juu ya nta mpira wa baiskeli, mafundo matatu. Kinywaji cha dote hakifunguliwi kabla ya siku yenyewe, mulozi, mchawi, asije akatia kitu. Mulozi anayemfikiria ni mimi. Yaani kazi yote hiyo ameifanya kwa ajili yangu. Nimeguswa.

Siku ya Mungu, 24 Novemba
Jua kali. Chumba chake ni mabati juu, mabati kando. Tumetoka misa, ameniita kwa shangwe. Bidoni zimevimba.
"Angalia! Bankambo, bazee ba zamani, bamekubali. Iko sawa na tumbo ya mimba!"
Nimeshika moja. Ngumu kama goti.
"Hii hapa ni mapasa, batoto babili," nikasema.
"Amina, mulamu! Amina!"
Akanikumbatia. Ananuka mishumaa.

Kazi mbili, 26 Novemba
Hazisimami tena. Chini zimekuwa mviringo, zinaegemeana kama walevi. Amezizungushia matofali. Anazisemesha.

Nadège amekuja jikoni. "Mama, zile bidoni zinanitia woga. Umwambie tantine afungue kidogo." Nikamjibu dote si mambo ya watoto. Ana miaka ishirini na minne.

Neno moja tu lingetosha. Nilikuwa nachambua maharagwe, nikaendelea kuchambua. Sina huruma. Nimeitafuta kidogo, sikuiona.

Kazi ine, 28 Novemba
Saa saba mchana. Tatu kwa mpigo. Ya nne haikutaka kubaki peke yake.

Majirani walilala chini, walidhani risasi. Georgine alikuwa ameinama anazipangusa vumbi. Kifuniko kimempiga jicho la kulia. Nadège amempeleka hospitali kwa pikipiki, amemshika kwa nyuma, gauni lote masuku na damu. Mimi nimefagia. Vifuniko nimeokota vitatu. Cha nne kina nywele za nyusi, kimebaki ukutani.

Kazi tano, 29 Novemba
Jicho limekufa. Daktari amelisema akiwa amesimama mlangoni, kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Georgine amenishika mkono. "Ni balozi, bachawi, Mama Nadège. Bamenionea wivu. Kesho utamimina weye." Nikasema nitamimina. Nikajaribu kulia. Asubuhi nilikata vitunguu vya kesho, vidole vilikuwa bado vinanuka, nikavipitisha machoni. Vilisaidia.

Kurudi nyumbani, Nadège amekaa mbele ya sidre yangu. Ameangalia kampira, akaangalia chupa ya maji, bulu bulu. Kisha akaniangalia mimi. Tangu hapo haniongeleshi.

Siku ya mposho, 30 Novemba
Mvua kidogo asubuhi, kisha wingu tu.

Wakwe wamefika saa tano, watu kumi na wawili. Nilivaa kikwembe kipya. Georgine alikaa kwenye kiti cha nyuma, bandeji usoni, ananisifu kwa kila mtu. Nadège alitazama miguu yake. Sidre ilikuwa changa lakini safi, rangi ya chai. Nikapiga goti, nikamimina kikombe cha kwanza, nikampa baba mkwe kwa mikono miwili.

Akakipokea. Akakitua chini taratibu.
"Aksanti, Mama. Siye hatukunywaka pombe."

Ni hivyo kwao tangu babu yao. Nadège alijua.

Walikunywa sucré, soda ya dukani. Kasha moja lilitosha.